Umeshinda mnada mtandaoni? Subiri kidogo kabla ya kuweka PIN

Tuchukue mfano wa mama anayeshona nguo Kawangware, karibu na steji ya 46. Ana kibanda cha kukodi na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu. Kwa miezi mingi amekuwa akichanga kwenye chama akilenga kununua cherehani ya stima. Leo zamu yake imefika, na shilingi 24,000 zimeingia kwenye simu.

Jioni hiyo hiyo anaona tangazo kwenye Facebook: mnada wa vitu vya kiwanda kilichofungwa, cherehani za stima zinaanzia shilingi 5,000, mnada unafungwa saa tatu usiku. Anaweka dau la 9,000. Mtu mwingine anaweka 11,000. Anapandisha tena. Saa tatu kamili anaambiwa ameshinda kwa 14,500. Dukani mashine kama hiyo ni zaidi ya mara mbili ya hiyo bei.

Kisha ujumbe unaingia WhatsApp: "Hongera sista, umeshinda loti namba 14. Tuma nusu sasa hivi ndio tukushikie. Kuna mtu wa Rongai anangoja hii hii. Una dakika kumi na tano."

Anaingiza namba aliyopewa. Jina linalotokea kwenye skrini ni la mtu binafsi, si la kampuni iliyokuwa kwenye tangazo. Kidole kiko juu ya PIN.

Makala hii inahusu dakika hiyo. Tunataka ujue kabla yake ni nini kilipaswa kufanyika, wakati wake ufanye nini, na kama pesa imeshatoka, ukimbilie wapi.

Minada imeingia mtaani kwa njia ya simu

Zamani ukitaka kununua kwenye mnada ulikwenda mwenyewe. Ulimwona dalali, uliona friji au gari, uligonga mlango wake kusikia kama umeoza. Siku hizi mtu wa Makina au Gatina anaweza kushindania mzigo ulioko Mombasa akiwa amekaa kwake. Hilo ni jambo zuri, ila macho na mikono uliyokuwa ukitumia kukagua vimebaki nyumbani.

Minada ambayo wateja wetu wa Kibera na Kawangware wanaweza kukutana nayo ni ya aina nne, na kila moja ina kanuni zake.

Kwanza, minada ya madalali wenye leseni. Hawa huuza mali iliyokamatwa kwa amri ya korti, kwa deni la kodi ya nyumba au kwa mkopo ambao haukulipwa.

Pili, minada ya serikali. Inayojulikana zaidi ni ya KRA, ambapo mizigo isiyolipiwa ushuru huuzwa. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, mwenye mzigo hupewa notisi ya siku 30 kuja kuuchukua. Asipokuja, mzigo huhesabiwa umetelekezwa na unaweza kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Notisi hizo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya.

Tatu, minada ya kimataifa kama eBay, ambayo ilianzishwa Marekani mwaka 1995.

Nne, na hii ndiyo iliyo karibu zaidi nasi, ni minada ya laivu ya Facebook, TikTok na vikundi vya WhatsApp. Mwuzaji anafungua bale la mitumba mbele ya kamera, anainua koti moja moja, na watu wanaandika bei. Wako wauzaji wengi waaminifu wanaofanya biashara hii kila wiki. Lakini hapa hakuna dalali, hakuna leseni, na mara nyingi hakuna hata anwani. Ulinzi wote ni wako mwenyewe.

Sheria inakupa nini

Watu wengi hudhani mnunuzi wa mnada hana haki yoyote. Si kweli. Hizi ni baadhi ya zile unazopaswa kuzijua.

*Dalali lazima awe na leseni.* Sheria ya Madalali ya 1996 iliunda Bodi ya Leseni za Madalali. Bodi hiyo ndiyo inayotoa leseni, na ndiyo inayosikiliza malalamiko dhidi ya dalali aliyekosea. Mtu akijiita dalali kwenye tangazo, uliza jina kamili lililo kwenye leseni yake, kisha uthibitishe na Bodi.

*Mnada halali hautokei ghafla.* Kwa mali inayohamishika iliyokamatwa, kanuni za madalali za 1997 zinataka mwenye mali apewe notisi, kisha mnada utangazwe gazetini, na uuzaji usifanyike kabla ya siku saba kupita tangu tangazo la kwanza. Kwa hivyo ukiambiwa vitu vya kampuni iliyofilisika vimekamatwa leo asubuhi na vinauzwa leo usiku, jua kuna kitu hakiko sawa.

*Unaweza kuondoa dau lako kabla nyundo haijaanguka.* Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo ya mnada yanakamilika dalali anapotangaza kwamba yamekamilika, kwa kugonga nyundo au kwa njia nyingine ya kawaida. Kabla ya hapo, mnunuzi anaweza kurudisha dau lake nyuma. Baada ya hapo umefungwa na neno lako, kwa hivyo usibonyeze ukidhani unajaribu tu.

*Mwuzaji haruhusiwi kujipandishia bei kwa siri.* Sheria hiyo hiyo inasema kwamba kama haikutangazwa kuwa mwuzaji amejiwekea haki ya kuweka dau, yeye au mtu wake akiweka dau ni kosa, na mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Yule "mtu wa Rongai" anayepandisha bei kila ukipandisha anaweza kuwa simu ya pili ya mwuzaji mwenyewe.

*Mtandaoni, mwuzaji lazima akueleze mambo wazi.* Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti akupe maelezo muhimu kabla hujakubali, na akupe nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa. Na juu ya sheria zote, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji.

Kuna upande wa pili wa shilingi. Vitu vya mnada kwa kawaida huuzwa jinsi vilivyo na pale vilipo. Ukishinda friji isiyoganda, na ulipewa nafasi ya kuikagua ukakosa kwenda, itakuwa vigumu kulalamika. Ndiyo maana siku ya ukaguzi ni muhimu kuliko siku ya mnada.

Ulaghai unavyopangwa

Matapeli hawabuni mambo mapya kila siku. Wana mitindo michache ambayo huibadilisha majina.

*Mnada hewa.* Picha zimeibwa kwenye mtandao, kampuni ina jina linalofanana na la dalali wa kweli, na hakuna mzigo popote. KRA yenyewe imewahi kutoa tahadhari kwa umma kuhusu matapeli wanaotumia jina lake kuuza magari na simu "za mnada wa bandarini" kwa bei ya kutupa. Kumbuka neno moja: KRA haiwezi kukuambia utume pesa ya gari kwenye namba ya simu ya ofisa.

*Nafasi ya pili.* Umeshindana kwenye mnada wa kweli na ukashindwa. Saa chache baadaye unapata ujumbe: "Aliyeshinda ameshindwa kulipa, wewe ndiye wa pili, ukitaka lipa hapa." Huyu si mwuzaji. Ni mtu aliyekuwa akifuatilia mnada huo, ameona jina lako, na anataka kukutoa nje ya jukwaa. eBay, kwa mfano, hailindi pesa iliyolipwa nje ya mfumo wake. Ukipata ofa kama hiyo, rudi kwenye jukwaa lenyewe uone kama ipo huko. Kama haipo, ni uongo.

*Ada juu ya ada.* Umetuma dipositi. Kesho wanataka pesa ya usafiri, kisha ya stoo, kisha ya "klirensi". Kila ada ni ndogo kuliko uliyokwisha kutuma, na ndiyo maana unaona bora umalizie. Pesa uliyotuma isikufanye utume nyingine.

*Pesa ya kurudishiwa.* Unalalamika, naye anakubali upesi sana: "Pole sana mama, tunakurudishia. Tutumie namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako." Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako wala msimbo wowote. Anayeuliza anataka kilichobaki kwenye akaunti.

*Kitu cha wizi.* Simu ipo, ni nzuri, na bei ni ya chini. Wiki mbili baadaye polisi wanakuja nayo kwenye rekodi zao. Kisheria, mtu hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana, kwa hivyo simu inarudi kwa mwenyewe na pesa yako imepotea. Mbaya zaidi, kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14.

Kabla ya kuweka dau

Fanya haya ukiwa bado na akili tulivu, si wakati saa inahesabu dakika za mwisho.

Tafuta jina la kampuni na uulize ofisi iko wapi. Kisha mtume mtu, au nenda mwenyewe. Kutoka Kibera hadi mjini kwa matatu ni nauli ndogo sana ukilinganisha na dipositi ya elfu saba.

Omba siku ya ukaguzi. Kwa minada ya KRA, notisi hutaja siku za kuangalia mizigo. Dalali wa kweli pia atakuambia mzigo uko yadi gani. Anayesema "ukilipa ndio utaona" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kwenye mnada wa laivu, uliza mwuzaji afanye jambo dogo ambalo picha ya wizi haiwezi: awashe cherehani ashone mstari mmoja, au aandike jina lako kwenye karatasi aliweke juu ya friji. Kwa simu, abonyeze *#06# na namba ya IMEI ionekane. Itunze, na uilinganishe utakapoipokea. Kwa gari au pikipiki, tafuta rekodi ya logibuku kupitia NTSA kabla ya kuweka hata shilingi moja.

Angalia ukurasa una umri gani na wateja wa zamani wanasema nini. Usisome sifa tu. Mwandikie mmoja au wawili waliosifu uwaulize walinunua nini. Watu wa kweli hujibu.

Mwisho, andika bei yako ya juu kabisa kwenye karatasi, ikijumlisha usafiri. Ukinunua nje ya nchi, ongeza ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo nyinginezo. Bei ikipita pale, ondoka. Mnada umetengenezwa ili usahau hesabu yako.

Wakati wa kulipa

Hapa ndipo sisi tunahusika moja kwa moja, na tutasema ukweli: malipo ya simu ni ya haraka, na haraka hiyo inamsaidia tapeli kama inavyokusaidia wewe. Pesa ikiingia kwa mtu, anaweza kuitoa kwa ajenti ndani ya dakika chache.

Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ni kulipa baada ya kuona. Kama mwuzaji yuko Nairobi, kutaneni mahali pa watu wengi mchana, kagua, kisha utume pesa mkiwa pamoja. Toi, Adams, au nje ya duka unalolijua Kawangware, popote penye watu.

Kama lazima dipositi itangulie, angalia pesa inaenda wapi. Namba ya Till au Paybill huonyesha jina la biashara. Namba ya mtu binafsi huonyesha jina la mtu. Mtu binafsi anayekuuzia cherehani yake ya zamani anaweza kutumia namba yake, hakuna shida. Lakini kampuni ya madalali inayopokea dipositi kwa jina la kijana mmoja ina maswali ya kujibu.

Soma jina kabla ya PIN. Linatokea pale kwa sababu hiyo tu. Jina lisipolingana na tangazo, bonyeza kughairi. Ukijibiwa "hiyo ni ya mhasibu wetu" au "Till imekwama leo", ngoja mpaka Till ikwamuke.

Usikubali kugawanya malipo kwenye namba tatu au nne tofauti. Na usiweke PIN kwenye kiungo ulichotumiwa kwa WhatsApp, hata kama ukurasa wake una rangi na nembo unazozijua.

Hifadhi kila kitu: picha ya tangazo, namba ya loti, mazungumzo, ujumbe wa muamala. Usifute hata kama umekasirika. Mwombe mwuzaji akuandikie risiti yenye jina lake kamili, namba ya kitambulisho na alichokuuzia.

Pesa ikishatoka

Usione aibu, na usingoje kesho. Dakika za kwanza ndizo zenye thamani.

Piga simu kwa huduma ya wateja ya mtandao wako papo hapo, ukitumia namba rasmi unayoijua, si iliyo kwenye maoni ya Facebook. Wateja wa M-Pesa wanaweza kutuma ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba pesa irudishwe, na ujumbe wa ulaghai kwa 333. Elewa jambo moja: kurudisha pesa kuliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Kama pesa imeshatolewa, au kama ni mzozo wa mnunuzi na mwuzaji, sisi hatuwezi kuichukua tu kwenye akaunti ya mtu bila utaratibu. Lakini pesa ikiwa bado ipo, ripoti ya mapema inaweza kuizuia isitoke wakati jambo linachunguzwa.

Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu, uandikishe ripoti na upewe namba ya OB. Bila namba hiyo, uchunguzi hauendi mbali. DCI pia ina simu ya bure ya kutoa habari, 0800 722 203. Ulaghai wa mtandaoni na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Aliyekukosea akiwa ni dalali mwenye leseni, peleka malalamiko kwa Bodi.

Na kama unamjua mwuzaji kwa jina na anwani, kuna Korti ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Umeona sasa kwa nini tulisema uchukue jina kamili na risiti kabla? Huwezi kushtaki picha ya WhatsApp.

Tumrudie mama wa Kawangware

Kidole bado kiko juu ya PIN. Dakika tisa zimebaki.

Anaghairi. Anaandika: "Kaka, nitakuja kesho saa nne asubuhi na pesa yote 14,500 mkononi. Nitumie mahali yadi iko."

Mwuzaji wa kweli atafurahi. Pesa yote kesho ni bora kuliko nusu leo, tena mteja anajibebea mzigo mwenyewe. Tapeli atakasirika, ataanza kusema ameuza kwa mwingine, au atanyamaza kabisa. Majibu yoyote yakija, mama ameshajua anachotaka kujua, na zile 24,000 za chama bado ziko kwenye simu yake.

Kama una dada, jirani au mwanachama mwenzako wa chama anayependa kununua vitu mtandaoni, msomee sehemu ya malipo. Na ukiwa wewe mwenyewe umeshinda kitu usiku huu, lala kwanza. Cherehani iliyopo leo itakuwepo kesho asubuhi ukienda kuiona.